Somo: kupanga jaribio la kupima uaminifu bila kuchanganya vigeu (tunatumia lile jaribio la waleti zilizopotea)

Habari za saa hizi wadau. Kila ikifika kipindi cha proposo (andiko la mpango wa utafiti) napata maswali yaleyale kutoka kwa vijana wa saikolojia na wa ualimu, kigeu (yaani kitu kinachoweza kubadilika kwenye jaribio) huru ni kipi, kigeu tegemezi ni kipi, mbona msimamizi kanirudishia kazi mara ya tatu. Leo tupite hatua kwa hatua na jaribio moja la kweli, lilitoka kwenye jarida la Science mwaka 2019, watafiti ni Alain Cohn, Michel Maréchal, David Tannenbaum na Christian Zünd. Walipeleka waleti zaidi ya 17,000 kwenye miji 355 ya nchi 40, na Kenya imo, wakawakabidhi watu wa mapokezi kana kwamba zimeokotwa, waone nani atamtafuta mwenyewe.

Hatua ya 1: sema unapima nini, na hapa usikimbie

Hapa ndo proposo nyingi zinafia. Mtu anaandika "kupima uaminifu wa wafanyakazi" halafu anarukia dodoso. Ngoja kwanza. Uaminifu kwa Kiswahili chetu ni neno pana mno, mke mwaminifu hatoki nje ya ndoa, karani mwaminifu hagusi pesa ya ofisi, rafiki mwaminifu hakukimbii ukiwa na shida, na ukimwachia mtu amana akakutunzia mpaka urudi huyo naye ni mwaminifu, tena amana na uaminifu ni maneno ya mzizi mmoja. Sasa wewe unapima upi hapo? Uaminifu wenyewe haushikiki wala hauhesabiki, unachoweza kuhesabu ni tendo moja unalolisimamisha badala yake, na hilo tendo uliandike wazi kiasi kwamba mtu mwingine akichukua karatasi yako anaweza kwenda kuhesabu bila kukupigia simu.

Wale wa waleti walifanya hivi: aliyepokea waleti akimtumia mwenyewe imeili ndani ya siku 100 ni 1, asipotuma ni 0. Basi, hicho ndo kigeu tegemezi chao, yaani kile unachokisubiri uone kimetokeaje.

Kuna kijana nilimsaidia, alikuwa ameuliza watu 80 kwenye dodoso "Je, wewe ni mwaminifu?" ndiyo au hapana, na karibu wote wakajibu ndiyo. Iliniuma maana alizunguka na zile karatasi wiki tatu juani, na alichopima ni jinsi mtu anavyopenda aonekane. Kazi ikabidi ianze upya.

Hatua ya 2: chagua kitu cha kubadilisha

Kigeu huru ni kile unachokibadilisha wewe kwa mkono wako. Waleti zenyewe zilikuwa vikasha vya plastiki angavu, ukikishika tu unaona kila kilichomo bila kufungua: kadi tatu za kazi zinazofanana zenye jina la kawaida la pale na imeili, orodha ya vitu vya kununua dukani kwa lugha ya pale, na ufunguo. Nusu ya kazi imo kwenye hiyo plastiki angavu, nitairudia chini. Waleti nyingine zilikuwa na pesa ya nchi ile yenye thamani ya kama dola 13.45 (walirekebisha kulingana na gharama za maisha) na nyingine hazina hata senti. Kwahiyo kigeu huru ni pesa, ipo au haipo, na zile zisizo na pesa ndo kundi la kulinganishia.

Nadharia tete, yaani unachotabiri kitatokea, andika kabla hujatoka nyumbani. Wengi tungeandika "pesa ikiwepo watarudisha wachache", na watu walioulizwa watabiri walisema hivyohivyo.

Hatua ya 3: vingine vyote vikae palepale

Mtafiti msaidizi anaingia benki, hoteli, posta, makumbusho au ofisi ya serikali, anaenda kwa mtu wa mapokezi, anasema nimeokota hii hapo nje, mwenyewe atakuwa kaipoteza, mimi nina haraka naomba uishughulikie, anaondoka. Haachi namba yake wala haombi risiti. Maneno yaleyale, orodha ileile, ufunguo uleule. Hivyo ndo vigeu vinavyodhibitiwa, ukikiachia kimoja kikatembea pamoja na pesa hutajua nani kaleta matokeo.

Hatua ya 4: kura iamue, usiamue wewe

Nani apate yenye pesa na nani apate tupu, rusha shilingi au tumia kompyuta. Niliwahi kusaidia kazi moja ambapo bahasha zenye pesa zote ziligawiwa asubuhi na tupu zote mchana, eti kurahisisha usafiri. Mchana watu wamechoka, foleni ndefu, wengine wako chakula, sasa tofauti ikionekana ni ya pesa au ya njaa? Huo muda wa siku ndo unaitwa kigeu cha kuvuruga, na ukishaingia namna hiyo hakuna hesabu itakayokuokoa.

Hatua ya 5: hesabu

Kwa wastani, waleti tupu zilizoripotiwa ni asilimia 40, zenye pesa asilimia 51. Ndiyo, pesa iliongeza, na mwelekeo ulikuwa huohuo kwenye nchi 38 kati ya 40. Wakaenda mbele Marekani, Uingereza na Poland wakaweka kama dola 94, ikawa tupu 46, pesa kidogo 61, pesa nyingi 72. Halafu kipande ninachokipenda zaidi, kwenye nchi hizo tatu waliondoa ufunguo kwenye baadhi ya waleti zenye pesa. Ufunguo una faida kwa mwenyewe tu, aliyepokea waleti haumsaidii, na ulipokuwepo zilirudishwa zaidi. Kwahiyo sehemu ya sababu ni kumjali mwenyewe, na sehemu nyingine ni kwamba mtu hataki ajione mwizi. Kuongeza kigeu cha pili ili kutafuta sababu, hiyo ndo akili ya utafiti.

Hatua ya 6: tunza data mbichi

Karatasi za mwanzo usitupe. Mwaka 2012 jarida la kisayansi la PNAS lilitoa utafiti uliosema mtu akisaini juu ya fomu badala ya chini anasema ukweli zaidi. Mwaka 2021 wachunguzi wakafungua data ya jaribio moja la utafiti huo, la bima ya magari, wakakuta maili zimesambaa sawasawa kuanzia 0 mpaka 50,000 halafu zinakatika ghafla, magari ya kweli hayatembei hivyo. Utafiti ukafutwa mwaka huohuo. Watu walishaanza kubadilisha fomu zao kwa ajili yake, ndo maana nawasisitizia.

MASWALI YA WADAU

Mdau wa Dodoma: Shikamoo mwalimu, mi nina bajeti ya watu 60 tu, inatosha?

Marahaba. Inategemea tofauti unayoitafuta. Kama ni ya 40 kwa 51 unahitaji karibu watu 320 kwa kila kundi ili uwe na nafasi ya asilimia 80 ya kuiona, kama ni 46 kwa 72 hata kama 55 kila kundi inafaa. Na 60 ukigawa mara mbili ni 30 tu, kwahiyo achana na waleti, tumia dadu. Urs Fischbacher na Franziska Föllmi-Heusi walifanya Uswisi: unarusha dadu peke yako, unataja namba, 1 mpaka 5 unalipwa faranga kulingana na namba, 6 hupati kitu. Kila namba ingetakiwa itokee mara moja kwa sita, lakini 5 ilitajwa na zaidi ya theluthi. Hujui nani kadanganya, unajua kundi limedanganya kiasi gani. Kila mtu mpe arushe mara kadhaa upate data zaidi, ila kwenye hesabu kumbuka marusho hayo ni ya mtu mmoja, usiyahesabu kama watu tofauti.

Mdau wa Eldoret: Mwalimu, wale wa mapokezi hawakuomba kuwa kwenye utafiti. Hii ni haki kweli?

Swali zito na nafurahi umeliuliza. Ukiwaambia mapema hakuna tena jaribio, lakini hilo halikupi ruhusa ya kujiamulia, kamati ya maadili ndo inapima madhara, na majina ya watu hayatajwi popote. Kwenu kuna kibali cha NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi ya Kenya), Tanzania ni COSTECH (tume yao ya sayansi na teknolojia), anza na chuo chako. Dadu ni rahisi hapa pia, mtu anasaini ridhaa kabla.

Mdau wa Mombasa: Kenya ilishika namba ngapi? Tunataka kujua nani wezi 😅

Ndugu yangu hapo naomba tusifike, kumbuka hatua ya 1. Kilichohesabiwa ni imeili. China ilionekana chini sana, watafiti wengine wakarudia huko, wakachapisha 2023, wakakuta wengi hawakutuma imeili ila waleti waliitunza salama wakimsubiri mwenyewe aje. Kwa Kiswahili huyo ameweka amana! Bibi yangu angemwita mwaminifu, jaribio linamwandika 0.

Mdau wa Tanga: Kaka, mi nataka kumpa bodaboda elfu kumi nikijifanya nimempa elfu tano, nione kama atanirudishia.

Wazo zuri na tendo linahesabika, ila je ameona? Akiitia mfukoni bila kuangalia, gizani, asiporudisha huwezi kumwandika si mwaminifu, hajui kitu. Ndo maana ile plastiki ilikuwa angavu. Fanya mchana, mpe noti imekunjuliwa, mwombe aihesabu, na umwandike tu yule uliyemwona kwa macho yako ameitazama.