Somo: Kusoma majibu ya maabara katika kifo kinachohusishwa na methamfetamini au MDMA

Somo hili ni la wale wanaopokea karatasi ya maabara yenye neno "methamfetamini" au "MDMA" (dawa za kulevya za kuchangamsha) na tarakimu mbele yake, kisha wanatakiwa waseme kilichoua. Tarakimu hiyo haisomwi peke yake.

Hatua ya 1: jua damu imetoka wapi. Nitakaa hapa zaidi kwa sababu kesi nyingi huharibikia hapa. Mtu akishakufa, dawa iliyokuwa kwenye mapafu, ini na misuli ya moyo huvujia damu iliyo karibu, hivyo damu ya moyo inaweza kuonyesha mara mbili au zaidi ya ile ya paja. Chukua ya paja. Funga mshipa kwa uzi kwenye kinena, ndipo uingize sindano chini ya fundo. Usipofunga, damu ya tumboni hushuka na kuchafua sampuli. Mguu usiukamue. Weka kwenye chupa yenye sodiamu floraidi, kemikali ya kuzuia sampuli isiharibike, uandike "paja la kulia", si "damu" tu, kisha friji. Chukua pia mkojo, maji ya ndani ya jicho (si machozi), kipande cha ini na vilivyomo tumboni.

Hatua ya 2: kipimo cha awali kichukulie kama fununu. Kinategemea kingamwili, nacho hudanganywa na pseudoefedrini ya dawa za mafua au labetaloli ya presha. Mwili ulioanza kuoza hutengeneza wenyewe fenilethilamini na tiramini, kemikali zinazofanana na amfetamini, nazo hudanganya vilevile.

Hatua ya 3: thibitisha kwa kromatografia (hutenganisha kemikali) iliyounganishwa na spektrometa ya masi (huzitambua kwa uzito wa vipande vyake). Tafuta pia mabaki ya uvunjwaji: methamfetamini huzaa amfetamini, MDMA huzaa MDA. Na tafadhali, msiishie kwenye dawa mliyoitarajia. Pombe, kokeini na fentanili zitafutwe hata kama polisi wamekuja na jibu lao mfukoni.

Hatua ya 4: rudi kwa daktari aliyepasua maiti. Je, joto la mwili lilipimwa na kuzidi nyuzi 40? Kuna damu iliyovuja kwenye ubongo, aota (mshipa mkuu wa damu) iliyochanika, moyo uliotanuka, misuli iliyovunjika na kuziba figo?

Maswali ya wanachama

Mwalimu, kiwango cha kuua ni kipi hasa?
Hakuna mstari. Wapo madereva waliokutwa hai barabarani na zaidi ya miligramu 1 kwa lita, na wapo waliokufa chini ya hapo. Mwili uliozoea hustahimili, moyo mgonjwa haustahimili.

Marehemu aliyekutwa na methamfetamini alikuwa akimeza selegilini, dawa ya ugonjwa wa Parkinson. Je, matokeo hayo yanatosha kusema alitumia dawa ya kulevya?
Bado. Methamfetamini ina maumbo mawili, d na l, yanayofanana kama mkono wa kulia na wa kushoto; selegilini huvunjwa kuwa ile ya upande wa l. Iombe maabara itenganishe d na l. Ikionekana d, kuna chanzo kingine.

Tumepata MDMA kidogo tu, lakini ndugu wanasema alikunywa maji mengi, akapata degedege.
Pima sodiamu kwenye maji ya jicho. MDMA huufanya mwili uzuie maji, sodiamu ikashuka na ubongo ukavimba. Fanya mapema, maana sodiamu ya jicho hushuka yenyewe kadiri siku zinavyopita. Kwa mwili ulioanza kuoza kipimo hicho hakikusaidii tena.