Kupima Ugumu wa Njia ya Baiskeli Kabla ya Kutoka: Nakuru hadi Kisumu

Nakuru hadi Kisumu kupitia Kericho ni kama kilomita 180, na wengi wakishaipata namba hiyo hudhani wameijua njia. Angalia milima kwanza. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, Kisumu 1,130. Ukiishia hapo utasema ni mteremko mtupu. Lakini katikati pana Mau Summit, juu ya mita 2,400, kwa hiyo utapanda zaidi ya mita 500 kupitia Salgaa na Sachangwan kabla ya kuonja mteremko wa maana. Anayetoka Kisumu ana kazi zaidi ya maradufu: mita 1,300 hivi, nyingi zikianza akishachomwa na jua la tambarare za Kano.

Tafuta jumla ya mita za kupanda kwenye programu ya ramani, uigawe kwa kilomita. Chini ya mita 10 kwa kilomita, njia inavumilika. Ikikaribia 20, panga siku mbili. Kisha tazama mlima umekaa wapi, maana wa asubuhi na wa kilomita ya 150 haulingani hata kama urefu ni uleule. Ukiuliza njiani, mwache wa boda boda. Injini yake haijui mlima, atakwambia "ni hapo tu". Muulize anayebeba maziwa kwa baiskeli. Huyo anajua mahali anaposhuka na kusukuma.

Mteremko nao ni ugumu, hasa Sachangwan kwa anayetoka Kisumu, ambako harufu ya breki za trela hukufikia kabla ya trela lenyewe. Breki za raba usizibane mfululizo: rimu ikishika moto, tyubu inaweza kupasuka. Bana, achia, bana tena. Na usishuke gizani.

Saa ya kupita ina uzito wake. Kericho mvua hupenda alasiri, mara nyingine ya mawe. Ukivuka salama, kuanzia Ahero ni tambarare, ila mchana upepo wa ziwa hukupiga usoni, na miguu imeshachoka.

Saa tisa ikikukuta bado hujafika Kericho, lala huko ukifika. Au panda matatu. Baiskeli hufungwa juu ya keria, mradi muelewane nauli yake kabla kamba haijakazwa.