Dume lako la Boran ni zuri? Hivi ndo utabaki na damu yake bila kuharibu kundi

Wafugaji wenzangu, hili la dume kupanda watoto wake linaniuma sana. Mtu ananunua dume la Boran, ng'ombe wa nyama, kwa hela ndefu, linampa ndama wazuri, anashindwa kuliuza, baadae mitamba wake wenyewe wanapandwa na baba yao, ndo unaona ng'ombe wanasumbua kushika mimba, ndama wanazaliwa wadogo na wengine wanakufa kabla ya kuachishwa ziwa, halafu lawama zote anapewa nyasi na kupe.

Jifunze kuhesabu undugu kwanza, yaani ndama amebeba kiasi gani cha damu inayojirudia kwa baba na kwa mama. Dume lako tuliite Simba. Simba akipanda binti yake, ndama ana undugu wa asilimia 25. Akipanda mjukuu, 12.5, na kaka na dada wa baba mmoja mama tofauti ni hivyohivyo 12.5. Sasa chukua mtoto wa Simba umpandishe kwa mjukuu wa Simba aliyetoka kwa mama mwingine kabisa: toka kwa mtoto kwenda kwa Simba hatua 1, toka Simba kwenda kwa mjukuu hatua 2, ongeza 1 zinakuwa 4, basi gawa mia kwa mbili mara nne unapata 6.25. Mimi hapo ndo mwisho wangu, sivuki.

Kwa hiyo ukitaka damu ya Simba ibaki, usimrudishe yeye kwa mabinti, bakiza kidume chake kimoja kutoka kwa ng'ombe wako bora kabisa, yule anayezaa kila mwaka, nacho kisipande dada zake, na wengine hasi mapema kabla hawajaanza kupanda. Simba mwenyewe akishafikisha miaka miwili kundini, tenga mitamba au muondoe, maana mimba ni miezi 9 na mtamba aliyeshiba vizuri anaweza kuingia joto akiwa na mwaka na kitu tu.

Ukiwa na ng'ombe wengi gawa makundi matatu, majike wabaki kundi la mama zao, kidume cha kundi la kwanza kiende la pili, cha la pili la tatu, cha la tatu kirudi la kwanza. Ila bila hereni na daftari usianze kabisa!

Najua mtu atasema mbona Wamarekani wanapandisha ndugu kwa ndugu. Kweli, kule Miles City, Montana, mwaka 1934 walianza na madume mawili ya Hereford, ng'ombe wa nyama, ya baba mmoja, wakafunga ukoo usiingize damu ya nje, unaitwa Line 1, na jike la ukoo huo, L1 Dominette 01449, ndo jinomu yake, yaani ramani nzima ya vinasaba vyake, ilitangazwa 2009, undugu ndani yake ulikuwa kama asilimia 30 na ndo ulirahisisha kuisoma. Lakini kile ni kituo cha utafiti, kila ndama anapimwa na kuandikwa miaka yote hiyo. Wewe una ng'ombe 30 na dume moja, badilisha dume tu.

Na mbegu za mrija, zile za kupandishia kwa chupa bila dume, nazo uangalie. Watu wanadhani kila mrija ni damu mpya, kumbe mbegu zinakaa kwenye naitrojeni ya maji yenye baridi kali miaka na miaka, unaweza kupandisha mtamba kwa baba yake aliyekufa zamani. Jina na namba ya dume vipo kwenye mrija, viandike kabla mhimilishaji, yule anayepandisha kwa mrija, hajautupa.