Kufunga antena na maiki ya redio ya upepo kwenye Land Cruiser ya safari

Redio ya upepo, ile ya kuongea gari kwa gari, ikisikika vibaya porini, dereva hulaumu redio. Mara nyingi ubovu uko pale antena inaposhikana na bodi. Antena ya VHF (mawimbi ya MHz 30 hadi 300) kwenye gari ni nusu tu ya kifaa. Nusu ya pili ni bati lililo chini yake.

1. Chagua mahali. Katikati ya paa la chuma ndipo bora, kwa kuwa bati limeenea sawa pande zote. Ila magari mengi ya watalii pale Arusha yana paa la kunyanyuka. Linapanda na kushuka kutwa nzima, waya unakunjwa hadi ukatike, na mapaa mengine ni ya faiba, isiyoisaidia antena chochote. Hapo mimi hufunga kwenye fenda ya mbele. Antena ikiwa fenda ya kushoto, hutuma vizuri zaidi kuelekea nyuma kulia, kwenye bati jingi. Za sumaku sizipendi: matawi huziangusha, na vumbi linaloingia chini yake hukwangua rangi.

2. Toboa. Kitako cha NMO, aina ya kitako cha antena za gari kinachokaa kwenye tundu la bati, kinataka tundu la milimita 19. Chungulia kwanza upande wa pili usije ukakata nyaya. Kwangua rangi kwa ndani tu, pale meno ya kitako yanapouma chuma, hadi pang'ae. Pakaa rangi ukingo wa tundu kuzuia kutu.

3. Pitisha waya. Tumia waya wa koaksi (waya wa kati uliozungukwa na ganda la nyaya) wa omu 50, aina ya RG-58 inatosha. Upitishe kwenye tundu lenye raba, mbali na ekzosi, bila kona kali wala kubanwa na mlango. Ukimaliza kufunga plagi ya upande wa redio, pima kwa testa kabla hujafunga antena: pini ya kati na ganda la nje visigusane, na ganda na bodi visomeke karibu na sifuri.

4. Umeme. Chukua moja kwa moja kwenye betri, chanya na hasi, na fyuzi ikae jirani na betri. Redio ya wati 25 hunywa ampea 5 au 6 ukibonyeza kuongea, kwa hiyo waya mwembamba utaishusha nguvu. Pima volti kwanza! Kuna magari ya volti 24, na redio ya 12 itaungua hapo hapo. Hayo yanataka kipunguza volti.

5. Kata antena. Gawa 75 kwa masafa (MHz) yaliyo kwenye leseni yako ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, upate urefu kwa mita: kwa MHz 150 unapata nusu mita, na urefu halisi huwa pungufu kidogo. Anza na ndefu. Funga mita ya SWR, inayoonyesha nguvu inayorudi toka kwenye antena, kati ya redio na antena, simamisha gari mahali pa wazi, funga milango na boneti, kisha bonyeza kwa nguvu ndogo. SWR ikipanda kwenye chaneli ya masafa ya juu, antena ni ndefu. Punguza milimita mbili tatu, upime tena. Ikipanda kwenye chaneli ya masafa ya chini, umeshakata kupita kiasi. Chini ya 1.5 ni safi. Ikifika 3, robo ya nguvu inarudi kwenye redio, usiitumie. Na usibonyeze kamwe bila antena.

6. Maiki. Usukani wetu uko kulia, basi ndoano ikae kushoto kwake, mkono uifikie bila dereva kuondoa macho barabarani. Waya wa maiki usinase kwenye gia, na ndoano isikae mbele ya mfuko wa hewa. Kuna redio ambazo hutambua maiki imetundikwa kupitia ndoano yenyewe. Hizo ndoano yake lazima iunganishwe na hasi, la sivyo skani (redio kupekua chaneli yenyewe) haitafanya kazi.

Ijaribu paa likiwa wazi: maiki sentimita tano toka mdomoni, imeinamishwa pembeni kidogo, mgongo kwa upepo. Bonyeza, subiri sekunde moja, ndipo uongee. Baada ya safari ya kwanza ya barabara mbovu, kaza tena nati ya kitako.