Kulima pilipili kali nyumbani: amua matumizi kwanza, ndipo utafute mbegu

Karibu kila anayetaka kuanza kulima pilipili huniuliza ipi ni kali kuliko zote. Mimi humrudishia swali: utazifanyia nini? Utazila mbichi, utazikausha usage unga, utazitia kwenye siki, au unataka chache tu za kunukisha chungu? Jibu lake ndilo linalochagua mbegu. Na mbegu nayo ndiyo inayoamua utangoja muda gani, utahitaji chombo cha ukubwa gani, na kama mavuno utayatumia au yataozea mtini.

Angalia kwanza unene wa nyama ya tunda. Jalapeño ina nyama nene iliyojaa maji. Mbichi ni tamu kutafuna, na kwenye siki inabaki ngumu vizuri, lakini ukiianika nzima itaota ukungu kabla ya kukauka. Cayenne ni ndefu, nyembamba, na ganda lake ni jepesi. Hiyo ndiyo ya unga. Ukiitundika mahali penye upepo inakauka mpaka mbegu zinalia ndani ukiitikisa. Pilipili kichaa, vile vidogo vinavyosimama vikitazama juu, huzaa kwa wingi ajabu na hukauka vizuri, ila kuzichuma ni kazi ya mtu mwenye subira. Pilipili mbuzi na habanero ni ndugu. Zina harufu ya matunda ambayo pilipili nyingine hazina, na harufu hiyo hupungua sana zikikauka, kwa hiyo zipande kama unapenda kuzitumia mbichi au kuzisaga ziwe rojo la kuweka chupani.

Ukali una vipimo vyake. Mwaka 1912 Mmarekani Wilbur Scoville alikuwa akizimua maji ya pilipili kwa maji ya sukari mpaka waonjaji wasisikie tena muwasho, na kiasi cha kuzimua ndicho kilichokuwa alama ya ukali. Siku hizi mashine ndizo zinazopima, lakini jina la kipimo limebaki lake. Jalapeño huwa kati ya 2,500 na 8,000, cayenne 30,000 hadi 50,000, habanero 100,000 hadi 350,000. Pepper X, iliyotangazwa mwaka 2023 kuwa kali kuliko zote duniani, ilipimwa wastani wa 2,693,000. Sishauri mtu aanzie huko. Aina hizo za kupindukia huchelewa kuota na huchelewa kuzaa, na mti mmoja tu huzaa zaidi ya watakachoweza kumaliza watu wa nyumba nzima. Tena namba zenyewe zichukue kama makadirio: mti uleule unaweza kukupa tunda la upole na tunda la kukutoa machozi.

Kata pilipili moja kwa urefu uitazame. Utaona utando mweupe katikati, ule ulioshikilia mbegu. Kapsaisini, yaani kile kinachowasha, hutengenezwa hapo. Mbegu zinawasha kwa sababu zimegusana na utando huo. Kwa hiyo ukitaka harufu bila moto mwingi, kwangua utando wote. Kutoa mbegu peke yake hakusaidii sana. Kwenye pilipili kali sana utaona hata matone madogo ya manjano yakimetameta kwenye utando. Ukiona hayo, vaa glavu.

Tazama pia joto la mahali ulipo. Jalapeño na cayenne ni wa jamii moja (Capsicum annuum), nayo ni jamii yenye kusamehe, ndiyo maana nampa kila anayeanza. Habanero na pilipili mbuzi zinataka joto jingi na la muda mrefu. Kama kwenu kuna baridi isiyofikia kugandisha, tafuta rocoto, pilipili ya milima ya Andes yenye majani ya manyoya na mbegu nyeusi. Hiyo huvumilia ubaridi ambao habanero ingekaa tu bila kukua.

Sasa mbegu. Zifukie nusu sentimita tu, kwenye udongo mwepesi uliolowa kiasi. Zinachotaka hapo ni joto la nyuzi 25 hadi 30. Mwanga hauna haja mpaka ziote. Jamii ya jalapeño hutokeza kwa wiki moja au mbili. Habanero inaweza kukaa mwezi mzima kimya, na wengi huimwaga wakidhani mbegu zimekufa. Usiimwage. Zikishachomoza tu, zipeleke kwenye mwanga mwingi siku hiyohiyo, maana miche inayokosa mwanga hurefuka na kulegea. Maji yawe machache: kitalu kinachokaa chapachapa huleta kinyausi, mche unaoza shinani na kulala chini usiku mmoja. Miche ikifika sentimita 15 hivi, izoeze jua kidogo kidogo kwa wiki moja, kisha pandikiza jioni. Acha sentimita 45 hadi 60 kati ya mche na mche. Kwa anayepanda kwenye vyombo, ndoo ya lita 10 yenye matundu inatosha cayenne; habanero mpe lita 20.

Wanaopanda cayenne na jalapeño wakate ncha mche ukiwa na sentimita 20 au 25, utoe matawi mengi. Habanero iache, inajitawanya yenyewe. Maua ya kwanza kwenye mche ambao bado mdogo mimi huyachuma, nguvu iende kwenye mizizi.

Udongo uwe wa kupitisha maji, wenye mboji. Samadi iwe imeoza kabisa. Hapa ndipo bustani nyingi za nyumbani zinapoharibikia, kwa upendo: mtu anaongeza samadi na mbolea ya kukuzia kila wiki, anapata mti mkubwa wenye majani ya kijani kibichi kabisa, na tunda hakuna. Naitrojeni nyingi hujenga majani. Mti ukianza kuchanua, punguza hiyo na utumie mbolea yenye potasiamu zaidi.

Maji nayaeleza kwa kirefu, maana maswali mengi ninayoulizwa yanaishia hapo. Ingiza kidole mpaka kifundo cha pili. Pakiwa pakavu mwagilia mpaka maji yatoke chini, pakiwa na unyevu acha. Saa za jua kali mpilipili hulegeza majani hata kama udongo umelowa, na jioni husimama tena. Ukikimbilia kumwagilia kila ukiona hivyo, utaozesha mizizi. Jambo la kuogopa ni mti uliolegea asubuhi na mapema huku udongo una unyevu. Hapo kata kipande cha shina karibu na ardhi, kining'inize ndani ya glasi ya maji safi na utulie ukitazama. Ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka kutoka kwenye kidonda, huo ni mnyauko wa bakteria. Hauna dawa. Ng'oa mti na mizizi yake, usiutupe kwenye mboji, na mahali hapo usipande pilipili, nyanya, bilinganya wala viazi mviringo kwa miaka kadhaa. Maji ya kupanda na kushuka, leo mafuriko kesho ukame, huleta shida nyingine: tunda linaoza kitako kwa kukosa kalsiamu, ingawa kalsiamu imo udongoni. Tandaza nyasi kavu juu ya udongo, unyevu ukae sawa.

Maua yakipukutika, angalia hali ya hewa kabla ya kununua dawa yoyote. Mchana ukizidi nyuzi 32 na usiku ukizidi 24, au usiku ukishuka chini ya 13, mti huacha maua yake uyaone yakianguka. Kivuli chepesi cha mchana husaidia; zaidi ya hapo ni kungoja. Mahali pasipo na upepo, tikisa shina polepole maua yakiwa wazi, kwani ua la pilipili hujichavusha lenyewe.

Vidukari wanaonekana wamejazana chini ya majani machanga. Wapige kwa maji yenye kasi, kisha nyunyiza maji ya sabuni laini jioni. Utitiri ndio msumbufu wa kweli kwa sababu macho hayamwoni. Dalili zake ziko kileleni: majani machanga yanakuwa membamba, magumu, yamejikunja, na vitumba vinadondoka, huku majani ya chini hayana tatizo. Wengi hudhani ni virusi wakang'oa. Kabla ya kung'oa, kata ncha zilizoharibika na unyunyize salfa ya bustani, jioni, siku isiyo ya joto kali. Usiichanganye wala kuifuatanisha karibu na dawa ya mafuta, itaunguza majani. Kama chipukizi mpya zinatoka zimenyooka, jibu umepata. Na ndege je? Wao hawasikii muwasho hata kidogo, na mbegu hupita tumboni mwao zikiwa nzima. Ndio wasambazaji wa pilipili porini. Funika kwa wavu matunda yanapoanza kubadilika rangi.

Chuma kwa mkasi, maana matawi huvunjika upesi. Jalapeño unaweza kuichuma ikiwa kijani, na kadiri unavyochuma ndivyo mti unavyozidi kuzaa. Habanero isubiri rangi kamili. Ya kijani ina ukali bila ile harufu uliyoipandia. Mikono ikiwasha, paka mafuta ya kula kwanza kisha osha kwa sabuni, kwa sababu kapsaisini huyeyuka kwenye mafuta, maji peke yake huisambaza. Mdomo ukiwaka, kunywa maziwa.

Ukitaka kutunza mbegu, kumbuka aina zilizopandwa jirani huchanganyika. Tunda la msimu huu halitabadilika, ila watoto wa mbegu zake wanaweza kuwa wageni. Vika tawi mfuko wa kitambaa chepesi kabla maua hayajafunguka, uuondoe matunda yakishaanza kutunga, na ufunge uzi kwenye vikonyo vyake uyatambue. Pakiti ikiandikwa F1, yaani mbegu chotara, usihangaike, mbegu zake hazitarudia mama. Acha matunda yaive kabisa, kausha mbegu kivulini juu ya karatasi, andika jina na mwaka, zihifadhi pakavu pasipo joto. Zitaota vizuri kwa miaka miwili au mitatu.