Cisco ya Rapid PVST+ na swichi ya MSTP kwenye waya mmoja

Hoteli nyingi za Nungwi zimejengwa kwa awamu: mapokezi utakuta swichi ya Cisco ya Rapid PVST+, bangaloo mpya zina swichi za kampuni nyingine zinazotumia MSTP. Zote mbili ni aina za STP, itifaki inayozuia data kuzunguka bila mwisho kati ya swichi: Rapid PVST+ hufanya hesabu yake kwa kila VLAN (mtandao mdogo uliotengwa ndani ya swichi), MSTP hukusanya VLAN kwa makundi. Fundi mwenzangu, usichomeke waya kabla hujaamua swichi ipi iwe kuu (root), yaani ile ambayo nyingine zote hupanga njia zao kuielekea.

Shida ni hii. Cisco huzungumza STP ya kawaida kwa VLAN 1 pekee. Habari za STP za VLAN nyingine huzituma kwa anwani maalumu ya Cisco, 01:00:0c:cc:cc:cd, na swichi ngeni huzipitisha tu bila kuzielewa. Kwa hiyo VLAN 1 usiiondoe kwenye trunki, yaani waya unaobeba VLAN nyingi kati ya swichi.

Mimi napenda zaidi kuihamishia Cisco kwenye MSTP: `spanning-tree mode mst`. Jina la rijioni (kundi la swichi zenye mipangilio sawa ya MSTP), namba ya toleo na mgao wa VLAN vilingane kila swichi. Kwenye jina hilo hata herufi kubwa na ndogo zina maana. Fanya usiku wageni wamelala, maana mtandao utakatika kidogo.

Swichi ya kati, ile unayotaka iwe kuu, ipe kipaumbele 4096, namba ndogo ndiyo hushinda. Kisha `show spanning-tree mst 0` uone nani mkuu.