Namna ya Kuandaa Mdahalo wa Wawaniaji wa Wadi katika Mtaa Unaobadilika

Anayetaka kuandaa mdahalo wa wawaniaji wa kiti cha mwakilishi wadi mtaani Kilimani, Nairobi, na aanze kwa kutembea. Kabla hujatafuta ukumbi wala kuandika barua, tenga asubuhi mbili upite Argwings Kodhek, Wood Avenue na barabara ndogo zinazoteremka kuelekea mto Kirichwa, ukiandika mahali ambapo nyumba ya zamani yenye bustani imepisha jengo refu, mahali ambapo boza la maji limeegeshwa tangu alfajiri, na mahali ambapo majitaka yanafurika. Daftari hilo ndilo litakalozaa maswali. Ukiwaomba wakazi wakutumie maswali kabla ya kutembea, utapokea malalamiko ya jumla ambayo mwaniaji yeyote mwenye ulimi mwepesi anaweza kuyajibu bila kuujua mtaa.

Hatua ya pili, ambayo waandaaji wengi huiruka, ni kuyachuja maswali hayo kwa mizani ya Katiba. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezikabidhi kaunti kazi kama vile mipango ya ardhi na ujenzi, barabara za kaunti, maji na usafi, uzoaji taka, masoko, zimamoto, vituo vya afya na elimu ya chekechea. Polisi, shule za msingi na barabara kuu ni za serikali ya kitaifa, na hazina ya maendeleo ya maeneo bunge haiko mikononi mwa mwakilishi wadi. Isitoshe, mwakilishi wadi hatekelezi kazi hizo za kaunti kwa mkono wake: Kifungu cha 185 kinalipa bunge la kaunti uwezo wa kutunga sheria na kuisimamia serikali ya kaunti, naye ni mmoja tu miongoni mwa wajumbe waliochaguliwa katika wadi 85 za Nairobi, pamoja na walioteuliwa. Swali lisiloingia katika kutunga sheria, kupitisha bajeti au kuwahoji watendaji wa kaunti liondolewe, hata kama limetoka kwa mzee anayeheshimiwa.

Chukua mfano wa maji. Ukiuliza, "Utafanya nini kuhusu uhaba wa maji?" utaahidiwa kisima. Afadhali uulize hivi: kampuni inayosambaza maji jijini ni mali ya kaunti, ilhali kibali cha kuchimba kisima hutolewa na mamlaka ya kitaifa ya rasilimali za maji, je, utaomba bajeti ya kaunti itenge fedha za kupanua mabomba katika barabara gani za wadi hii, na ni gharama gani nyingine utakayokubali ipunguzwe ili fedha hizo zipatikane? Sehemu ya mwisho ya swali ndiyo yenye uzito, kwa kuwa kila mtu hupenda kuongeza na hakuna apendaye kupunguza.

Suala la ghorofa litakula muda mrefu kuliko mengine, na ni haki yake. Mwongozo wa zamani wa jiji uliruhusu ghorofa nne tu Kilimani, na leo majengo ya zaidi ya ghorofa kumi yamesimama pande zote, huku barabara na mabomba mengi yakiwa ya upana uleule wa enzi za bustani. Hata hivyo, msimamizi asikubali mjadala ugeuke kuwa wenyeji dhidi ya wageni. Walio katika majengo hayo ni wapangaji wanaolipa kodi, na wengi wamehamia hapo ili wawe karibu na kazi. Mwaniaji akisema, "Nitakomesha ghorofa," msimamizi amkumbushe kwamba idhini ya ujenzi hutolewa na idara ya mipango ya kaunti chini ya sheria ya mipango ya ardhi ya 2019, na kwamba tathmini ya mazingira huenda kwa NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira. Kisha amuulize yale anayoweza kweli: je, atapigia kura sera ipi ya urefu wa majengo, atawaita maafisa gani mbele ya kamati, na je, yeye au wanaofadhili kampeni yake wana ploti au hisa katika ujenzi wowote wadini? Swali hili la mwisho huulizwa wote kwa maneno yaleyale, la sivyo litaonekana kama mtego.

Kuhusu mwaliko, waandikie siku moja wawaniaji wote walioidhinishwa na tume ya uchaguzi, IEBC, wakiwemo wasio na chama. Asitumwe mjumbe wa kumwakilisha mtu. Asiyefika, kiti chake kibaki wazi na jina lake lisomwe mara moja bila kejeli. Gharama za ukumbi, vipaza sauti na hata soda zilipwe na wakazi, kwa sababu mwaniaji aliyekodi viti huanza kujiona mwenyeji. Katika uchaguzi wa 2022 mikutano ya kampeni iliruhusiwa kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, kwa hiyo Jumapili alasiri ndiyo salama. Sheria ya utaratibu wa umma inataka polisi waarifiwe si chini ya siku tatu na si zaidi ya siku kumi na nne kabla ya mkutano wa hadhara. Peleka barua hiyo kwa mkuu wa kituo na ubaki na nakala iliyopigwa muhuri.

Wakaribishwe pia mama mboga, wahudumu wa bodaboda, walinzi na wasaidizi wa nyumbani wanaotembea kutoka Kawangware kila asubuhi, ingawa baadhi yao hawapigi kura katika wadi hii. Wapo pia wapangaji wa ghorofa waliojiandikisha kijijini kwao, na hakuna aliyewahi kuwazuia mlangoni. Mdahalo uendeshwe kwa Kiswahili ili watu hawa wote waufuate.

Ukumbini, kila jibu lipewe dakika mbili na la nyongeza dakika moja, mtunza saa akae mbele na kengele, na mpangilio wa kujibu ubadilike kila swali. Msimamizi asiwe wakala wa nyumba, mwanakandarasi wala jamaa ya mwaniaji. Mwaniaji akianza kuahidi barabara kuu au kituo cha polisi, swali fupi latosha: "Je, hilo liko mikononi mwa mwakilishi wadi?"

Majibu yarekodiwe, yaandikwe neno kwa neno kwenye kurasa chache, na kila mwaniaji apewe nafasi ya kusahihisha kosa la uandishi pekee, si kubadili msimamo. Bandika nakala kwenye milango ya majengo na vibandani. Nyingine aihifadhi katibu wa chama cha wakazi: uchaguzi ukifanyika Agosti 10, 2027, makadirio ya kwanza ya bajeti yatakayopitia mikononi mwa bunge jipya tangu mwanzo yatawasilishwa kufikia Aprili 30, 2028, na katika vikao vya umma vya kuyajadili, vinavyodaiwa na Kifungu cha 196 cha Katiba, karatasi hiyo ndiyo ya kwanza kutolewa mfukoni.